Mfungo wa Mdomo

Mama Felix alifunga mdomo siku ya Jumapili, na Jumatatu jioni kitongoji kizima kilikuwa kinaulizana anaumwa nini.

Kusema alisema, si kwamba alikuwa bubu. Karibu, alisema. Chai ya maziwa au ya rangi, alisema. Alichofunga ni kitu kimoja tu: kumsema mtu ambaye hayupo. Kwa mwingine hilo lingekuwa jambo dogo la kupita, lakini kwa Boke, ambaye ndiye huyo Mama Felix, mwenye mgahawa wa bati pale kwenye josho la ng'ombe huko Nyanungu, ilikuwa kazi. Mgahawa ule ndio uliokuwa redio ya eneo zima. Mtu akigombana na mkewe Bomani asubuhi, mchana kwa Boke watu wameshamaliza kuwagawia vyombo. Viti havikutosha, watu walikalia ndoo, na mwenyewe alipenda hivyo hivyo, birika mkononi, akianza na lile neno lake, "Wee, hujasikia?"

Aliyeleta mambo yote ni Mchungaji Vincent. Kabla ya mfungo wa kanisa alisimama akasema, "Kila mwaka mnafunga chakula, mnakonda, halafu mnarudi walewale. Safari hii kila mtu afunge kile kinachomtawala. Na kila mtu atafute mahali pa peke yake, asali pasipo na mtu wa kumsikia."

Maneno yale yalimchoma Boke kwa sababu alikuwa na siri yake. Kusali kulimshinda. Alikuwa akipiga magoti vizuri kabisa, anafumba macho, anasema Baba Mungu, na kabla hajafika mbali kichwani ameingia mke wa Werema na kitenge kipya, nyuma yake muuza dagaa aliyekimbiwa na mume, nyuma yao ukoo mzima wa muuza dagaa. Anakuja kushtuka amekwisha sema amina na Mungu hakupata hata nafasi ya kukaa. Wenzake kanisani walikuwa wakisema Mungu kanisemesha hivi, Mungu kanisemesha vile. Yeye alikuwa hajawahi kusikia kitu. Na alitaka kusikia, hata mara moja tu.

Basi akasimama katikati ya kanisa. "Mimi nafunga kumsema mtu asiyekuwepo."

Kanisa likalipuka kwa kicheko. Waisiko, rafiki yake wa tangu usichana, alipiga makofi mpaka kitenge kikamfunguka. "Utakufa, mwenzangu! Bora ufunge maji!"

Siku ya mnada Saida, muuza vitenge kutoka Mugumu, alipita kunywa chai kama kawaida yake, akausubiri umbea mpaka chai ikapoa. "Shoga, mbona leo kimya? Mimi nafunga Ramadhani, lakini jua likizama nafungulia. Wewe unafungulia lini, nije na tende?"

"Nikimaliza nitakuambia."

"Ukimaliza utapasuka. Hebu kidogo tu. Yule wa duka la dawa aliolewa au hakuolewa?"

Boke alibana midomo, akainamia kikaango cha maandazi. Saida akacheka mpaka machozi, akalipa, akaondoka. Wateja nao walianza kupungua. Chai si ilikuwa ileile? Ila walikuwa hawaji kwa ajili ya chai.

Kila alfajiri Boke alipanda Jiwe Kubwa, lile lililo juu ya kitongoji, ukikaa pale unaona mto wote wa mpakani unavyopinda na mabonde mpaka ng'ambo. Alijifunga shuka, akakaa. Siku za kwanza kichwa chake kilikuwa kama mnada. Halafu taratibu makelele yakaanza kupungua, mtu mmojammoja akiondoka, kama wageni wanaoona mwenyeji hawaongezi chai.

Na ndipo alfajiri moja akamwona Godwin.

Ilikuwa mwanga bado wa kijivu. Alimwona mtu akitoka upande wa kivuko cha juu, peke yake, anapita pembeni ya mashamba ya mihogo kama asiyetaka kukutana na mtu. Koti lake jekundu lilimtambulisha. Godwin wa Waisiko, mtoto aliyembeba mgongoni mwake mwenyewe, sasa mwanamume mwenye mke. Suruali ilikuwa imelowa mpaka kiunoni. Mkononi ameshika kitu, amekificha ndani ya koti.

Boke alifumba macho haraka. "Baba, sijaona," akasema kwa sauti. Lakini alikuwa ameona.

Hajamaliza hata kuteremka, yowe likapigwa kutoka kwa Werema. Zizi tupu. Ng'ombe wote wamekwenda, mpaka yule maksai mweupe mwenye pembe iliyopinda ambaye Werema alimpenda kuliko shemeji zake. Vijana wakatoka na fimbo na mapanga, wakaingia kwenye nyayo.

Huko kwao sheria ya nyayo mtu anaijua tangu yuko mgongoni kwa mama yake. Ng'ombe wakiibwa, watu wanafuata nyayo. Nyayo zikivuka mpaka, mzigo ni wa wale zilikoingia. Nyayo zikifia kwako, mzigo ni wako, ulipe au ueleze.

Nyayo zilishuka kutoka kwa Werema, zikapita nyuma ya kanisa, zikaenda moja kwa moja mpaka kwenye zizi la Simioni. Pale zikazunguka ua, zikakanyagana, zikarundikana. Na wakati vijana wameinama wanazisoma, mvua ikashuka, ile mvua ya asubuhi inayopiga kama imetumwa. Ilipokatika, ardhi ilikuwa safi kama sinia. Nyayo zimefia kwa Simioni.

Simioni alikuwa Mwikoma, mtu wa kabila jingine, aliyehamia pale kutoka upande wa Serengeti miaka mingi nyuma. Mkewe alifariki, akabaki peke yake, anachunga, analima, hasemi na mtu. Mchana walimtoa nyumbani wakamkalisha chini kwenye uwanja wa josho, mikono imefungwa kamba ya katani. Ritongo likaitwa, ule mkutano wa mila ambao hata mwenyekiti wa kijiji anausogelea kwa adabu. Wanaume walikaa mbele, wanawake nyuma upande wa mgahawa wa Boke, na vijana wakasimama kuzunguka wote. Karibu na mguu wa kijana mmoja paliwekwa dumu la petroli. Hakuna aliyeuliza la nini.

"Ng'ombe walipita kwangu, sikatai," Simioni alikuwa anasema. "Yule mtamba wangu nilimnunua kwa Werema. Wale ni mama zake na dada zake. Waliposwagwa gizani wakanusa harufu, wakaja kumsalimia mwenzao. Halafu wakapelekwa mbele. Wapi, sijui. Nilikuwa nimelala."

"Kumsalimia!" Werema alitema mate. "Sikieni! Ng'ombe wangu wamekwenda kwake kunywa chai!"

Watu wakacheka kicheko kibaya. Sauti moja ikatoka nyuma, "Huyu si ndiye Mama Felix alisema anawasha taa usiku wa manane zizini? Anafanya nini na taa?"

Boke alilisikia kutoka mlangoni mwa mgahawa wake. Ni kweli alisema. Alilisema mwaka jana, kwa kuchangamsha meza, na watu walicheka, na yeye akaongeza chumvi kidogo ili wacheke zaidi. Sasa neno lile lilikuwa limekaa pale uwanjani pembeni ya dumu la petroli.

Mzee Magaigwa, aliyekuwa anaongoza ritongo, aligeuza kichwa chake chenye kofia ya manyoya. "Mama Felix. Njoo mbele."

Alikwenda, akamwamkia kama baba. "Shikamoo, tata."

"Marahaba. Wewe unalala jicho moja wazi. Alfajiri unapanda jiwe, watu wote tunajua. Umeona nini?"

"Tata, nimefunga."

"Umefunga nini?"

"Kumsema mtu asiyekuwepo."

Kicheko kikapita tena, kifupi. Werema hakucheka. Alisogea mpaka pua zao zikakaribiana. "Vizuri. Simioni yupo. Huyo hapo chini. Mseme basi."

Boke akamtazama Simioni. Simioni hakumwomba kitu. Alikuwa anatazama mikono yake tu, jinsi kamba ilivyokata ngozi.

"Huyu sijamwona alfajiri," Boke akasema. "Leo nimemwona hapa tu."

"Ahaa!" Werema akageukia watu. "Huyu hakumwona. Kwa hiyo kuna aliyemwona!"

Vichwa vyote vikageuka. Boke akajua ameingia mwenyewe kwa miguu yake.

"Mtaje!" Sauti ya kwanza. Kisha zote. "Mtaje! Mtaje!"

Kutoka upande wa wanawake Waisiko alipaza sauti kuliko wote. "Mwenzangu, sema yaishe! Unamficha nani? Unataka watuunguzie mtu hapa kwa ajili ya mwizi?"

Boke hakuthubutu kumwangalia. Alijua kitakachotokea akifungua mdomo. Jina likitoka hapa, vijana watakimbia kabla ya wazee kuinuka, na Godwin hatapata hata nafasi ya kusema neno. Na asipofungua, dumu lile litainuliwa. Huku mauti, huku mauti, na yeye katikati na mfungo wake. Akaomba kimoyomoyo, Baba, sema basi, ndio wakati wenyewe. Hakusikia kitu. Alisikia tu maneno yake mwenyewe aliyoyasema dakika ile mbele ya mzee, yamebaki yanamzunguka kichwani. Mtu asiyekuwepo. Asiyekuwepo.

"Nipeni nafasi nimlete," akasema. "Akiwepo, nitasema mbele yake niliyoyaona."

"Atamtorosha!" Werema alinguruma.

"Nikimtorosha mnajua ninapokaa. Bati langu hilo hapo."

Mzee Magaigwa alimtazama muda mrefu. Alikuwa amekunywa chai pale kwake miaka yote na kusikiliza kila kitu, wala hakuwahi kumwona amesimama namna ile, mikono imeshuka, haichezi. "Ng'ombe wa jioni wakirudi zizini na wewe hujarudi," akasema, "tutaamua kwa nyayo. Na wewe hapa hutachemsha chai tena. Nenda."

Akaondoka. Hajafika kwenye njia, akasikia pikipiki ikiwashwa nyuma yake. Brayan, mtoto mkubwa wa Werema, na mwenzake amempakia, panga limelazwa mapajani. Hawakumpita. Walimfuata polepole, gia ya kwanza.

Akienda moja kwa moja kwa Godwin, amemtaja bila kutaja. Boke akatembea huku jasho linamtoka mgongoni, akifikiri. Kisha akafanya kitu alichokijua kuliko watu wote wa Nyanungu: akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Ilikuwa ndiyo njia yake ya miaka yote, ya kukusanya maneno. Aliingia kwa mama wa kwanza, akasalimu, akainama chini ya mwimo wa mlango, akakaa kidogo, akatoka. Akaingia ya pili. Kwenye nyumba zenye watu waliobaki, walimrukia, "Mama Felix, vipi huko? Ni nani? Tuambie sisi!" naye akasema, "Nimekuja kuwasalimu," akanywa maji, akatoka. Kwa kikongwe mmoja kipofu alikaa mpaka Brayan akazima pikipiki kwa hasira, akapiga honi. Ya nne, ya ngapi sijui. Brayan alipiga kelele kutoka barabarani, "Mama, unatuchezea?" Boke akamwambia, "Ndiyo njia yangu hii, mwanangu. Muulize mama yako, kwake sijawahi kupita bila kuingia."

Walipofika karibu na kwa Waisiko vijana walikuwa wamechoka kuangalia kila mlango. Walisimama kwenye kibanda cha miwa, wamempa kisogo nusu, simu mkononi. Boke akazunguka nyuma ya nyumba.

Godwin alikuwa kwenye kibanda chake, amekaa juu ya kinu kilichogeuzwa. Koti jekundu limeanikwa, halijakauka. Alimwona, akainuka, akakaa tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura."

Boke akakaa kwenye gunia la mihogo mikavu. Siku nyingine angemtwanga maswali kama mtama. Ulitoka wapi, ulikuwa na nani, kile ulichoficha ni nini, usinidanganye nilikufunga nepi. Maneno yote yalikuwa yamejaa mdomoni, yanasukumana. Akayashikilia. Alikaa kama alivyojifunza kukaa juu ya jiwe, macho chini, anapumua. Nje jua lilikuwa linaanza kulala upande wa magharibi na akaanza kusikia njuga za ng'ombe wa mbali wakigeuzwa.

Godwin hakuvumilia. Ukimya ulimbana kuliko kamba.

"Umeniona," akasema.

Boke hakujibu.

"Najua umeniona. Nilikuona juu ya jiwe na shuka lako. Nikasema, leo nimekwisha, mama Felix ameniona, mpaka saa ya chai nitakuwa nimezikwa. Nimekaa hapa tangu asubuhi nasubiri waje. Mbona hawaji?"

"Sijasema."

Alimtazama kama mtu aliyeambiwa mto umerudi nyuma. Na maneno yakamtoka. Alikuwa zamu ya ulinzi wa sungusungu. Akaacha lindo, akavuka ng'ambo kwenye banda la kuangalia mpira, mechi ikaisha, wakanywa, akasinzia. Alfajiri akirudi kwa kivuko cha juu, akakutana nao. Watu na ng'ombe wanaingia majini. Akajitupa kwenye matete, maji mpaka kiunoni, akaziba mdomo kwa mkono. Walipita karibu kiasi kwamba angeweza kuwagusa. Sura hakuziona, ila alimwona maksai mweupe na pembe yake. Mmoja akamkata kengele shingoni isije ikalia, akaitupa majini.

"Nikaiokota. Sijui kwa nini. Nilifikiri nitampelekea mzee Werema." Akanyoosha mkono kwenye nyasi za paa, akatoa kengele ya shaba, na kipande cha ngozi bado kimening'inia. "Halafu yowe likapigwa. Nikiwa na kengele ya Werema mkononi, mama! Na sikupiga yowe mimi. Niliona ng'ombe wanapita na sikupiga yowe. Wataniambia nini? Wataniambia mimi ndiye niliyefungua zizi."

Boke aliitazama. Aliielewa kengele ile ilivyokuwa. Mtu akiingia mlangoni sasa hivi, hakuna atakayeuliza mara mbili.

"Wamemfunga Simioni," akasema.

"Najua."

"Kuna dumu."

Godwin akajifunika uso. "Wewe nenda ukaseme. Waambie nimekimbia. Nitavuka sasa hivi."

"Siwezi kukusema usipokuwepo."

"Mama, huo mfungo wako utaniua!"

"Siwezi kujua, mwanangu." Na ni kweli hakujua. Hapo ndipo palipomuuma. Hakuna sauti iliyomwambia atakuwa salama. "Ila nitatembea mbele yako. Fimbo ya kwanza ikishuka itanikuta mimi."

Walikaa. Njuga zilizidi kusogea. Kisha Godwin akavaa koti lililolowa, akaiweka kengele ndani, wakatoka.

Brayan alipowaona alidondosha muwa. Boke akamwambia kabla hajashuka kwenye pikipiki, "Tunakwenda kwa wazee. Tangulia ukaseme tunakuja. Au unataka kusema wewe kwa panga, baba yako asisikie ng'ombe wake walikopita?" Brayan akawatazama, akatazama panga lake, akakanyaga gia. Lakini hakutangulia; yeye na mwenzake walikuwa nyuma yao njia nzima, na Boke alikuwa anahisi taa ya pikipiki mgongoni kama jicho.

Ng'ombe wa jioni walikuwa wameanza kuingia mazizini walipofika. Simioni alikuwa amesimamishwa. Dumu lilikuwa limehamishwa mkononi mwa mtu.

Ukelele alioupiga Waisiko alipomwona mwanawe, Boke hatausahau.

Godwin akatoa kengele, akaiweka chini mbele ya Mzee Magaigwa, na uwanja ukapasuka. Vijana wakaja kama wimbi. Fimbo ya kwanza kweli ilimkuta Boke begani, wala hakujua ya nani. Akapanua mikono, kanga imeanguka, akapiga kelele kwa sauti ile ya mgahawani iliyozoea kuzishinda sauti zote, "Sasa yupo! Yupo! Sasa nasema!"

Na kwa sababu walikuwa wamemsubiri kutwa nzima, wakasimama.

"Nilikuwa juu ya jiwe," akasema. "Mwanga ulikuwa wa kijivu. Nimemwona Godwin anatoka upande wa kivuko cha juu, anakuja huku kwetu. Yuko peke yake. Hana ng'ombe. Amelowa mpaka hapa. Ameficha kitu ndani ya koti. Amepita kwenye mihogo. Kisha yowe likapigwa."

Akanyamaza.

Watu walisubiri. Walimjua. Walisubiri chumvi: alikuwa anatetemeka, alikuwa anaangalia nyuma, mimi nilijua tangu zamani. Boke alikuwa amefika mwisho wa alichokiona, na zaidi ya hapo hapakuwa na kitu, na alisimama pale mwishoni.

"Ndiyo hayo tu?" Mzee Magaigwa akauliza.

"Ndiyo hayo tu, tata."

"Huongezi?"

"Sina cha kuongeza."

Mzee akakuna shavu. "Miaka yote nimekunywa chai ya huyu mwanamke," akawaambia wenzake, "leo ndiyo mara ya kwanza namwamini." Mtu mmoja akacheka, na kicheko kile kikatoboa kitu, mikono ikaanza kushuka. "Godwin. Sema na wewe."

Godwin alisema yote, mpira, pombe, matete. Hata yowe ambalo hakulipiga, alilisema. Wazee wakawatuma wasoma nyayo mbio kwenye kivuko cha juu, Werema mwenyewe akiwa mbele. Chini ya miti mikubwa, kwenye udongo wa mfinyanzi ambao mvua haikuufikia sawasawa, nyayo zilikuwepo, zimeingia majini, na ng'ambo zimetoka. Mzigo ulikuwa umevuka mpaka.

Mtu akakata kamba ya Simioni. Simioni akasugua viganja, akapita katikati ya watu bila kusalimu mtu. Alipofika kwa Boke alisimama. "Taa," akasema, "ni kwa sababu yule mtamba alizaa vibaya. Ndama alikufa." Akaenda zake.

Godwin alichapwa viboko vya lindo pale pale, kama sheria ya sungusungu ilivyo, na mama yake alihesabu kila kimoja kwa kilio. Akalipa na mbuzi. Akabaki hai.

Kesho yake mgahawa ulifurika kuliko siku ya mnada. Walikuja mpaka watu wa Genkuru kwa bodaboda. Saida alipiga simu kutoka Mugumu, "Shoga, wameniambia mengi, nataka kutoka kwako wewe!" Boke akakaanga maandazi mpaka unga ukaisha, bega limevimba, wala hakusema. Wakanywa chai, wakajisimulia wenyewe, wakaondoka.

Waisiko hakuja. Alipita barabarani mchana, uso ameugeuzia upande wa pili. Hilo lilimuuma Boke kuliko fimbo.

Alfajiri iliyofuata alipanda jiwe. Alikuta mtu amekwisha kaa pale pake, amejifunga kitenge kichwani.

"Ulimwona tangu alfajiri," Waisiko akasema bila kugeuka. "Mwanangu. Na hukuniambia hata mimi mama yake. Ukaniacha nipige kelele pale, mtaje, mtaje."

"Ningekuambia wewe, ningekuwa nimemsema."

"Nakuchukia."

"Najua."

"Basi niseme mimi. Nipo. Niseme hapa hapa."

Boke akakaa pembeni yake, mabega yakakaribia kugusana. Alitafuta la kumsema rafiki yake usoni pake, yeye aliyekuwa amemsema kisogoni miaka yote kwa vicheko. "Umemzaa mtu anayeweza kurudi," akasema mwishowe. "Mimi nisingeweza kurudi pale na kengele."

Waisiko akaanza kulia, polepole, bila sauti. Boke hakuongeza. Chini mto ulikuwa unapinda kama kawaida yake, ukungu unainuka, na kichwani mwake, mahali palipokuwa na mnada, palikuwa kimya. Alisikiliza. Bado hakusikia neno lolote. Lakini safari hii hakuwa na haraka ya kusema amina.